Tochi Tatu za Kuvizia Panya

Watu wakisikia kwamba miye, mwanamke niliyekwisha kustaafu, nilikuwa nikikaa uani usiku na bunduki ya upepo nikivizia panya, hucheka kwanza, halafu huuliza kama ni kweli. Ni kweli, na tena nilikuwa hodari. Shabaha yangu haikuwa na kasoro. Kilichonishinda ni mwanga, na nilipoteza nusu mwezi nikigombana nao kabla sijajua nagombana na kitu gani.

Tunakaa Mawaleh, hapa Maskati, mimi na mama yangu, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba wakati mtaa wote ulikuwa mchanga mtupu. Niliolewa ujanani, nikaachika, sikubahatika mtoto, nikarudi nyumbani na sanduku langu na sikuondoka tena. Kazi nilifanya hospitali, chumba cha eksirei, miaka mingi. Kwa hiyo mambo ya miale isiyoonekana kwa macho si mageni kwangu, na hilo nililitangaza kwa kila aliyenipa sikio. Nilikuja kulijutia baadaye.

Nyuma ya nyumba mama ana banda la kuku. Hafugi kwa biashara, anafuga kwa sababu tangu utoto wake Unguja hajawahi kukaa nyumba isiyokuwa na kuku, na mayai ya dukani anasema hayana ladha. Soko kuu la mboga na matunda lilipohama kutoka mtaani kwetu, majirani walisema panya wamebaki na sasa wanatafuta riziki majumbani. Miye sina ushahidi. Nnachojua ni kwamba walianza kuonekana uani kwetu, wakubwa, wanene, wanakatiza katikati bila wasiwasi kama wapangaji waliolipa kodi. Wakala mayai, kisha wakaingia kwenye vifaranga.

Paka tunao watatu, lakini mama huwalisha jodari wa kopo, na paka anayekula jodari hana haja ya kumkimbiza mtu. Sumu mama aliikataa katakata kwa ajili ya kuku na paka hao hao. Mitego ilinasa wawili wa mwanzo. Waliobaki wakasoma, wakawa wanaipita kwa adabu na kuendelea na safari zao.

Halafu usiku mmoja panya akaingia ndani akamng'ata mama kidole cha mguu. Mama ana sukari, nyayo zake zimekufa ganzi, hakuhisi chochote. Asubuhi mimi ndiye niliyeona damu kwenye shuka. Tulikwenda hospitali, akachomwa sindano, akafungwa kidonda, na alhamdulillahi kikapona. Lakini siku ile nilijifungia bafuni nikalia kwa hasira. Mama ananitegemea mimi, nalala chumba cha pili, na panya kapita mlangoni pangu.

Ijumaa yake kakaangu akaja kula. Yeye anakaa Khuwair ya Kusini, fleti ya ghorofa ya nne, ina lifti na viyoyozi, na chumba cha mama alikwisha kukitandika siku nyingi. Si mtu mbaya, tena anampenda mama kuliko anavyojua kusema. Tulipokuwa kwenye wali wa nazi na samaki akaanza taratibu. Alisema kidonda cha mtu mwenye sukari si mchezo, kwamba banda livunjwe, nyumba ipangishwe, mama ahamie kwake. Mimi katika mpango huo nilitafutiwa nafasi mwishoni kabisa, kwamba na mimi nitaangaliwa pa kukaa. Nikamjibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia mama yetu si kabati la kuhamishwa kutoka nyumba hii kwenda ile.

Mama alikuwa anachambua miiba ya samaki, hatazami mtu. Alipomaliza ndipo alipomwambia kakaangu, "Mpe mwezi mmoja. Panya wakiondoka, nnabaki. Wasipoondoka, n'takuja kwako."

Nikaelewa hivi: mama haitaki fleti, anataka kufia nyumbani kwake, na ameniweka mimi kuwa mlinzi. Wallahi nilijiona mkubwa. Kesho yake nikaitoa bunduki ya marehemu baba juu ya kabati.

Ni bunduki ya upepo, ya kuulia wanyama waharibifu shambani, na baba ndiye aliyenifundisha kutungua nayo makopo nilipokuwa msichana. Kibali chake nilikwenda kukihuisha kwanza, maana miye nna hasira lakini sivunji sheria. Nyuma ya banda kuna ukuta mnene, nikapanga mifuko ya mchanga mbele yake ili risasi isirudi. Kiti changu nikakiweka karibu na tangi la maji, hatua kama ishirini kutoka kwenye banda. Panya hawatoki mpaka taa zizimwe baada ya Isha, kwa hiyo nikaagiza darubini ya usiku ya kufunga juu ya bunduki.

Darubini hiyo haioni gizani kwa miujiza. Inahitaji tochi yake, tochi inayotoa mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu halioni wala panya haumshughulishi, ila darubini inauona na kukuonyesha ua mzima kwa rangi nyeusi na nyeupe. Bila tochi, usiku ni usiku tu. Na ile iliyokuja na darubini yangu ilikuwa ndogo, saizi ya kidole gumba. Usiku wa kwanza niliona macho mawili yanang'aa karibu na banda, basi. Mwili sikuuona. Na macho matupu hayapigwi risasi, kwani yanaweza kuwa ya paka. Nikarudi ndani mikono mitupu.

Asubuhi nikaenda Ghubra kwa bwana mmoja anayeuza kamera za ulinzi. Mpole sana, aliniwekea kiti kabla sijasema shida yangu. Akanieleza kwamba tochi hizi ziko za namna mbili: moja ukiitazama utaona doa jekundu kwa mbali, nayo ina nguvu, na nyingine haionyeshi kitu kabisa, lakini mwanga wake hafifu. Akanishauri nichukue yoyote, ila nisiifunge juu ya darubini. Niiweke mbali, pembeni, karibu na kile ninachotaka kukiona. Nikamkatiza. Nikamwambia mimi nilikuwa nafanya kazi na miale yeye hajaanza kunyoa ndevu, naomba ile yenye nguvu. Akatabasamu, akaniuzia.

Usiku ule nikaifunga juu ya darubini, nikaiwasha, nikaweka jicho. Kweupe. Si ukuta, si banda, si kuku, weupe mtupu kama nimeinamia sufuria la maziwa. Nikafuta kioo kwa ncha ya leso, kweupe vile vile. Nikasema ni unyevu wa bahari, Maskati hewa yetu nzito. Usiku wa pili nikasubiri kukauke kidogo, nikapata weupe ule ule. Niliwasikia panya wakichakura mbele yangu huku mimi natazama maziwa.

Mwenye akili angerudi nyuma. Miye nilirudi Ghubra nikanunua tochi ya tatu, kubwa kama chupa ya chai. Yule bwana alinikumbusha habari ya kuiweka pembeni, nikajifanya sikusikia. Na ile tochi ya tatu, kwa nguvu zake zote, ilifanya weupe uwe mweupe zaidi. Kufikia hapo wiki mbili zimekwisha, vifaranga wanne wameliwa, na mama kila asubuhi ananiuliza nimelalaje bila kuniuliza nimeua wangapi. Nilikuwa mkali kama pilipili. Niligombana na paka.

Kisha ikaja siku mama akaenda harusini kwa jamaa zetu, akachukuliwa tangu alasiri. Nikakaa uani peke yangu baada ya Isha, nikawasha tochi ya tatu kwa kukata tamaa, na jamani, dunia ikafunguka. Niliona wavu wa banda jicho kwa jicho. Niliona unyoya chini. Niliwahesabu panya saba, mmoja amekaa juu ya bakuli la maji ananawa uso. Nikamwangusha yule, nikaangusha na wa pili, wengine wakapotea. Nilicheka peke yangu pale gizani.

Nikaona kwamba tochi ya tatu ilihitaji tu kuzoewa. Asubuhi nikatuma sauti kwenye kundi la familia, sauti ndefu, nikieleza eksirei, infraredi, na jinsi watu wengine wanavyokimbilia kuvunja mabanda badala ya kutumia akili. Kakaangu akajibu kwa upole kwamba atakuja jioni aone.

Akaja na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, nikamkalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mama alikuwepo nyumbani, amepumzika. Nikawasha tochi na kumpa kakaangu darubini kwa mbwembwe. Akatazama muda mrefu. Akaniuliza, kwa sauti nzuri tu, kama hivi ndivyo inavyotakiwa kuonekana. Nikainyakua, nikatazama. Maziwa. Angenicheka ningepata pa kumshikia, lakini hakunicheka. Alinipapasa bega, akasema nimejitahidi, na kwamba zimebaki siku kumi na mbili. Niliingia ndani bila kumuaga, na usiku huo sikupata usingizi.

Kesho yake niliamua kuichunguza hii khabari toka mwanzo, maana kama usiku mmoja kulikuwa safi na mwingine kuchafu, basi kuna kitu kinabadilika. Nikaichomoa darubini kwenye bunduki, nikaifunga na tochi yake ndogo ya kwanza, bunduki nikaifungia kabatini. Kawaida yangu ni kusali Isha, kubadili nguo, kunywa chai, ndipo nitoke. Siku hiyo nilisali mapema nikasimama kwenye dirisha la jikoni, taa zimezimwa, darubini mkononi, nikaanza kuuangalia ua kabla ya muda wangu.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mama. Mkono mmoja fimbo, mkono wa pili chetezo cha ubani.

Sasa lazima niseme, nyumba yetu inafukizwa ubani kila Magharibi tangu nilipozaliwa. Pua yangu haiuhesabu tena, kama vile mtu asivyohesabu harufu ya nyumba yake. Lakini ufukizo wa Magharibi nilijua unaishia ndani. Huu wa pili, baada ya Isha, sikuwa na habari nao. Katika darubini makaa ya chetezo yaliwaka meupe, na moshi ukapanda mweupe, mnene, unang'aa kuliko ukuta. Mama alilipita banda la kuku bila kusimama. Akaja mpaka kwenye kiti changu. Akainama kwa taabu, akakiweka chetezo chini ya kiti, akasubiri. Kisha akakizungusha chetezo kukizunguka kiti mara tatu, midomo inacheza, anasoma. Akapitisha kiganja juu ya egemeo kama anavyonipitishia mimi kichwani nikiumwa. Halafu akakisukuma chetezo nyuma ya tangi, hatua mbili kutoka pale ninapokaa, akaongeza punje za ubani, akarudi ndani pole pole.

Kwa hiyo mwezi ule nilikuwa nikikaa ndani ya moshi na kuumulikia tochi usoni. Kila nilivyoongeza nguvu ya tochi ndivyo moshi ulivyonirudishia. Na mimi, bibi eksirei, niliyewaambia wanafunzi miaka yote kwamba miale ikitawanyika picha inaharibika, sikufikiri mara moja kuangalia nyuma ya tangi. Nilijicheka, halafu nikaona haya.

Kumwambia aache sikuweza. Ningeanzaje? Kikongwe ametoka na fimbo yake gizani na chetezo cha moto, mimi nimwambie moshi wako unaniharibia kazi? Nikakumbuka maneno ya yule bwana wa Ghubra, niliyoyatupa mara mbili.

Nikachukua ile tochi ya kwanza, ndogo kuliko zote, nikaifunga kwa kamba kwenye mpini wa ufagio, nikausimika ufagio kando ya banda, tochi inamulika kwa ubavu kufuata ukuta. Tochi hiyo ya kidole gumba, ikiwa hatua tatu tu kutoka kwa panya, ilikuwa na mwanga wa kutosha na kubaki. Nikaifunga tena darubini kwenye bunduki, nikarudi kwenye kiti changu, chetezo cha mama kinafuka nyuma yangu. Niliweka jicho, na moshi haukuwepo. Ulikuwepo, naunusa, unanipita mashavuni, lakini mwanga haukuanzia kwangu tena, kwa hiyo moshi haukuwa na cha kurudisha. Niliona hata masharubu ya panya.

Usiku ule niliangusha wanne. Siku tisa nilikaa pale, nikipiga mmoja mmoja bila pupa, mchana naziba matundu kwa saruji na vigae vilivyovunjika, mama anapita ananishikia ndoo. Siku ya tisa nilikaa mpaka usingizi ukanipitia na hakutokea hata mmoja, wala kesho yake, wala siku iliyofuata. Tochi ya pili na ya tatu nikazirudisha Ghubra pamoja na sahani ya vitumbua na samahani yangu. Yule bwana alikubali vitumbua. Tochi alisema zimeshatumika.

Ijumaa ya kumaliza mwezi kakaangu akaja. Nilimtembeza uani, nikamwonyesha matundu yaliyozibwa, vifaranga wapya wanarandaranda, ufagio wangu na tochi yake. Alikagua kila pahala kwa uadilifu, akasema nimeshinda, na akalisema mbele ya mama. Nilikaa mbele ya sahani yangu nikiwa nimevimba kichwa.

Halafu, si kwa kushindana, kwa mapenzi tu, akamuuliza mama kama kweli chumba kile hakikumpendeza, maana angependa ajue ili akibadili matumizi.

Mama aliweka kijiko chini. "Chumba chako nnakipenda sana, mwanangu," alisema. "Kinaingia jua la asubuhi, na bafu halina kizingiti, sitojikwaa. Ningekuja siku ile ile ulipokitandika." Akanielekezea kidevu. "Lakini huyu nimwache na nani?"

Miye niliyejiita mlinzi, niliyeua panya wote wale ili mama abaki anapopataka, nilikuwa mimi ndiye ninayelindwa, tena kwa miaka, katika nyumba yenye vizingiti na panya wa kung'ata miguu. Moyo uliniuma sana. Kakaangu alitazama sahani, kisha akasema taratibu kwamba chumba kile ni kipana, vitanda viwili vinaenea, na kwamba angelisema tangu mwanzo kama mimi nisingekuwa na ulimi mrefu namna hii. Nikamwambia tutazungumza. Kwangu mimi hilo ni neno kubwa.

Jioni, panya hakuna, bunduki imerudi juu ya kabati, nilitoa kiti changu nikakiweka pale pale karibu na tangi, nikakaa. Baada ya Isha mlango wa nyuma ukafunguka. Mama alinikuta nimekaa, hakuuliza nafanya nini. Akainama, nikamshika kiwiko asianguke, akaanza kukizungusha chetezo kunizunguka.

Nikamuuliza, "Mama, kule ghorofani kwa kaka, watakuruhusu kufukiza?"

"Nilishauliza," alisema. "Wanaruhusu." Akaendelea mpaka mzunguko wa tatu.